Mkorosho Uliosongwa na Matawi Yake

Dominika ya tatu ya Kwaresima, Mwaka C, Kanisa hutusomea habari ya mtini usiozaa, katika sura ya 13 ya Injili ya Luka. Sisi wa Masasi na Newala hatuna haja ya kwenda mbali ili tuuelewe. Tutoke nje tu, tuitazame mikorosho yetu.

Wazee wanaukumbuka msimu wa 1973/74, nchi ilipovuna takribani tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini na mashamba yakabaki mbali; bei ilikatisha tamaa; ukaingia ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyapaka maua vumbi jeupe hata yakanyauka. Lakini mikorosho mingi haikufa. Iliendelea kukua, na hapo ndipo penye fumbo. Mkorosho huchanua kwenye ncha za matawi yanayopata jua. Ikisongamana, matawi ya huu yakaingia ndani ya ule, huwa na majani tele, na korosho ni zile chache za kileleni. Mpita njia husifu kivuli. Mwenye shamba hana ada ya mtoto.

Wataalamu wa Naliendele, kule Mtwara, wamefundisha tiba yake. Miti ipunguzwe, mmoja na mwenzake waachane kama mita 12. Inayobaki ipogolewe matawi makavu na yanayolala chini. Mti mzee usiozaa hukatwa, kikaachwa kisiki cha kama mita moja. Machipukizi yakitoka, huchaguliwa machache yenye nguvu, yakabebeshwa vikonyo vya mkorosho bora. Mizizi ni ile ile aliyoiacha babu. Wakati wa maua, salfa isisahauliwe. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Kumbe ardhi yetu haikuwa na laana, kama wengine walivyokuwa wakinong'ona.

Ugumu hauko kwenye panga, uko nyumbani. Kijana anataka kukata. Mama mjane anaiona mikono ya marehemu mumewe katika kila mti, tena anauliza: misimu hiyo ya kungoja, tutakula nini? Swali hilo ni la haki, wala hatupendi kusikia katekista akimwita mama huyo mbishi. Ushauri wetu ni kukata safu chache kila mwaka, zilizobaki ziilishe nyumba, na mahali palipopata jua papandwe kunde au karanga. Mtunza shamba wa Injili naye hakumwahidi bwana wake matunda. Aliomba mwaka mmoja tu, akataja kazi atakayoifanya katika mwaka huo. Aliomba muda huku jembe liko mkononi.

Basi, enyi vijana, mavuno yakiisha, keti na mama chini ya miti hiyo, zihesabuni safu pamoja, naye ndiye achague mti wa kwanza kukatwa.