Simu ya Saudia ina pande mbili



Mazungumzo ya leo yanahusu wenzetu walioko Saudia kwa kazi za nyumbani, na jamaa zao waliobaki huku. Habari za mawakala laghai zimesemwa sana vikaoni. Msongo wa mawazo hausemwi, nao uko pande zote mbili.

Saa za Riyadh na za Kenya ni moja. Simu ikilia hapa saa sita usiku, huko pia ni saa sita, na anayepiga ndiyo kwanza ametoka jikoni. Analala katika nyumba ile ile anayofanyia kazi, hana jirani wa kuzungumza naye kwa lugha yake, na utaratibu wa kafala umefunga kibali chake kwa mwajiri mmoja. Saudia ilipolegeza masharti hayo Machi 2021, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje.

Akiulizwa hali, hujibu, "Niko sawa." Hataki mamake apandwe na presha. Mama naye anaficha: mjukuu ameanza tena kukojoa kitandani, na pesa za mabati zimeishia hospitali. Kila mmoja anamkinga mwenzake kwa kunyamaza. Ukweli ukija kutoka, hutoka kama ugomvi wa pesa. Na kusema kweli, wapo wanaouliza "umetuma?" kabla ya "umekula?"

Familia ikae kabla ya safari. Ikubaliane ni kiasi gani kitatumwa kila mwezi, ni cha nini, nani atapokea kwa M-Pesa, na kiasi gani kitabaki kwa jina la msafiri mwenyewe. Iandikwe. Mtoto naye aambiwe mama yuko wapi na anatarajiwa lini, asidanganywe kuwa anarudi Jumamosi. Akiacha kula au kucheza, mwalimu ajulishwe. Nambari ya watoto, 116, hupigwa bila malipo.

Mgumu zaidi ni ujio wa aliyerudi mikono mitupu. Majirani huulizia masanduku. Yeye anadaiwa pesa alizokopa ili aondoke. Akijifungia chumbani huitwa mvivu, au husemwa ana jini, na pesa zilizosalia humalizikia kwa mganga. Asiyelala majuma mawili mfululizo, anayeshtuka mlango ukigongwa, huyo ni mgonjwa kama wa malaria, na anatibika. Anayesema heri afe asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa 2022, imezipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi, kwa hiyo hakuna anayeomba hisani. Wa kwanza kuambiwa ni mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye atakayemwelekeza mgonjwa kwenye kituo cha afya kilicho karibu.