Kusafiri Pamoja na Hofu
Hotuba iliyotolewa mbele ya jamaa, Salalah



Nashukuru kupewa fursa ya kusema nanyi hapa Salalah katika msimu wa kharifu, ambapo Maskati inaungua kwa jua nasi tumefunikwa na ukungu na manyunyu. Minazi na mipapai hii imewakumbusha wengi wetu Unguja.

Wengi mmeniuliza, "Umeshapona?" Jawabu langu ni hili: matibabu ya saratani ya titi yamekwisha, uangalizi haujakwisha. Kila mwaka hupigwa eksirei ya matiti huko Uingereza. Zamu ya mwaka huu ni Oktoba. Hata maumivu madogo ya mgongo hunitia wasiwasi. Hofu hiyo haina tarehe ya kuondoka, na kuingojea iondoke ni kupoteza majira niliyobakishiwa.

Basi nimesafiri nayo kwa utaratibu. Dawa na barua ya daktari zimo katika mkoba wa mkononi. Kwa kuwa tamoksifeni huzidisha uwezekano wa damu kuganda, ndani ya ndege nilitembea mara kwa mara. Mkono uliotolewa tezi za kwapani naukinga na jua, mbu na mizigo mizito. Ahsanteni vijana mlionibebea masanduku.

Jana huko Wadi Darbat nilitazama ngamia wakila majani mabichi, hofu ikiwapo, wala haikunizuia kucheka.

Ombi langu: msinipe pole kila niingiapo mlangoni, niulizeni nimeona nini. Nanyi dada zangu, mkihisi uvimbe msione haya, mwendeeni daktari mapema.