Nchi Jirani: Jeshi Lisilo na Masajini

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kumaliza shule za sekondari yatangazwapo katika nchi jirani ya Kenya, macho ya watu huelekea kwa wachache waliopata alama za juu. Picha zao hutolewa magazetini, wenyewe hubebwa mabegani kwa vigelegele, na walimu wao hupongezwa. Lakini habari iliyo kubwa zaidi haipigwi picha. Katika mtihani wa mwaka 2023 watahiniwa walikuwa zaidi ya 890,000. Waliopata alama ya C+ na kuendelea, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kuingilia Chuo Kikuu, walikuwa kiasi cha 201,000. Maana yake ni kwamba katika kila vijana tisa, wawili walifunguliwa mlango wa Chuo Kikuu, na saba waliobaki wakasimama nje wakiuliza: Sasa twende wapi?

Swali hilo si geni kwa majirani zetu. Mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya nchi hiyo kupata uhuru, Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza kijana afanye nini baada ya kumaliza shule. Wakati huo waliokuwa wakisumbua fikira za wakubwa ni watoto wa shule za msingi waliorudi vijijini wakiwa hawana kazi wala ujuzi. Jibu mojawapo lililopatikana ni vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini, ambamo kijana alifundishwa kuranda mbao, kujenga nyumba, kushona nguo na kufua vyuma, ili apate riziki hapo hapo alipozaliwa.

Jibu la pili lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, nalo lilitoka kwa wananchi wenyewe. Katika sehemu mbalimbali za Kenya watu walikusanyika kwa wito wa Harambee, wakachanga ili kujenga vyuo vya teknolojia. Watu wa Nyeri walijenga chuo wakakipa jina la Kimathi, shujaa aliyenyongwa na wakoloni mwezi Februari mwaka 1957. Watu wa Kisumu walijenga chuo kilichoitwa Ramogi, jina la babu yao wa kale. Kakamega walijenga chao, Murang'a chao, Kiambu chao, Kisii chao. Ni kweli kwamba ndani ya juhudi hizo mlikuwamo mashindano, kila sehemu ikitaka isionekane imeachwa nyuma na jirani yake, na baadhi ya wanasiasa walitafutia humo sifa na kura. Hata hivyo, matofali yaliyosimama yalikuwa ya wananchi, na shabaha iliyotajwa ilikuwa njema: kumpatia mtoto wa mkulima ujuzi utakaomlisha.

Ndugu wasikilizaji, inafaa kueleza kazi ya chuo cha namna hiyo, maana wengi husikia neno "chuo" wakadhani vyote ni kitu kimoja. Chuo Kikuu humfundisha mhandisi, yaani mtu wa kukokotoa na kubuni, anayeamua daraja liwe na nguzo ngapi. Fundi mchundo ndiye anayeshika chombo mkononi, akachomelea, akafunga, akajenga. Baina ya hao wawili yupo mtu wa tatu, naye ni fundi sanifu. Huyu husoma mchoro wa mhandisi akauelewa, kisha akageuka akawaonyesha mafundi mchundo namna ya kuutekeleza. Hujua hesabu kiasi cha kutosha kutambua kosa la mhandisi, na hujua kazi kiasi cha kutosha kutambua uvivu wa fundi. Masomo yake hayatazami vitabu tu, bali hutazama kazi maalumu inayomngojea, iwe ni umeme, magari, ujenzi, maabara au hesabu za fedha. Cheti chake ni stashahada. Huyo ndiye hasa aliyekusudiwa kutolewa na vyuo vikubwa vya ufundi.

Kenya ilikuwa na vyuo viwili vilivyosifika sana kwa kazi hiyo. Kimoja ni kile cha Nairobi, Kenya Polytechnic, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1961. Cha pili ni cha Mombasa, ambacho historia yake inagusa pwani yetu sote. Kilianzishwa mwaka 1948 kuwa Chuo cha Elimu ya Kiislamu, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa ya Mabohora na serikali ya Uingereza. Wanafunzi wake wa kwanza waliingia mwaka 1951. Shabaha yake ilikuwa kuwapa ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki nzima, na si wa Mombasa peke yao. Mwaka 1972 kikaitwa Mombasa Polytechnic, na kwa miaka mingi mafundi sanifu waliotoka humo walitegemewa bandarini, viwandani na katika reli.

Leo vyuo hivyo viwili ni Vyuo Vikuu. Vilipandishwa kwa hatua ya kwanza mwaka 2007, na mwaka 2013 vikapewa hati kamili. Chuo cha Kimathi kilipewa hati ya Chuo Kikuu mwaka 2012. Kile cha Kakamega kilikuwa kimekwisha tangulia mwaka 2007, na mwaka 2016 vikafuata cha Murang'a na cha Kirinyaga. Vyuo vya Kiambu, Kisii na Ramogi ni miongoni mwa vile vilivyosalia katika kazi ya ufundi.

Haingekuwa haki kusema kwamba mabadiliko hayo yalikuwa ya upuuzi. Nchi ilihitaji nafasi zaidi za elimu ya juu. Wazazi walizidai, na serikali iliona ni rahisi zaidi kutumia majengo yaliyokwishasimama kuliko kuchimba misingi mipya. Aidha, baadhi ya vyuo hivyo havikuacha kutoa stashahada baada ya kupanda cheo. Lakini chuo ni kama mtu: kikivaa joho hutamani kuketi na wenye majoho. Sifa ya Chuo Kikuu hupimwa kwa shahada na utafiti. Mkufunzi hupandishwa cheo kwa maandishi yake, wala si kwa idadi ya vijana aliowafundisha kufunga mota. Basi hata pasipo amri ya mtu yeyote, karakana huanza kuonekana kuwa chumba cha nyuma, na mwanafunzi wa stashahada huwa kama mgeni katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yake.

Ndugu askari na ndugu polisi, jambo hili pengine ninyi mtalielewa upesi kuliko watu wengine. Fikirini jeshi ambalo siku moja limewapandisha masajini wake wote wakawa maofisa. Hakuna atakayenung'unika siku hiyo, kwa maana kila aliyepanda amefurahi, na familia yake imefurahi. Lakini asubuhi inayofuata, ni nani atakayekagua bunduki za platuni? Ni nani atakayemshika kuruta mkono na kumwonyesha kosa lake mara ya kumi bila kuchoka? Amri itatoka juu, nayo haitafika chini, kwa kuwa aliyekuwa akiipokea na kuigeuza kuwa kazi hayupo. Jeshi la makamanda na makuruta watupu haliwezi kupigana hata nusu siku. Hali kadhalika, nchi yenye wahandisi na vibarua tu, bila mafundi sanifu wa katikati, haiwezi kujenga barabara ikadumu.

Wakenya wenyewe waliliona pengo hilo. Baada ya vyuo vya Nairobi na Mombasa kupanda, serikali ilibidi itafute vyuo vingine vya kushika nafasi ile ile. Nairobi iliangukia Kabete, mahali ambapo serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha kuwafunza Waafrika ufundi tangu mwaka 1924. Mombasa iliangukia chuo kingine cha ufundi kilichokuwa mjini humo. Mwaka 2013 ikatungwa sheria maalumu ya elimu na mafunzo ya ufundi, pamoja na mamlaka ya kuisimamia. Baadaye ikawekwa shabaha ya kuwa na chuo cha ufundi katika kila jimbo la uchaguzi, na majimbo ya Kenya ni 290.

La maana zaidi ni utaratibu mpya wa masomo, ambao hupima kile ambacho mwanafunzi anaweza kukitenda, badala ya kile alichokikariri. Umegawanywa katika ngazi. Ngazi ya tatu ni ya anayeanza, ya nne ni ya fundi mchundo, ya tano ni ya cheti cha ufundi, na ya sita ni stashahada. Aliyeingia chini kwa alama hafifu za shuleni anaweza kupanda ngazi moja baada ya nyingine, akafika juu akiwa na ujuzi mikononi. Huu ni mpango wa busara, kwani mtu aliyeanguka katika mtihani mmoja akiwa na umri wa miaka 18 hapaswi kuhesabiwa kuwa ameanguka maisha yake yote.

Lakini pana hatari mbili ambazo majirani zetu hawana budi kuzikabili. Ya kwanza ni kudhani kwamba jengo ndilo chuo. Kuta na bati hupatikana kwa mwaka mmoja, bali mkufunzi hodari wa mitambo hupatikana kwa miaka kumi, na mashine anayofundishia isipolingana na mashine iliyoko kiwandani, amefundisha historia. Hatari ya pili imo ndani ya mioyo ya watu. Ni ile dharau inayomfanya mzazi aseme kwamba mtoto wake "amekosa" Chuo Kikuu, "ndipo" akaenda chuo cha ufundi. Dharau hiyo haiondolewi na sheria ya Bunge. Huondolewa pale mwenye stashahada anapolipwa kwa kazi yake, na kupandishwa cheo kwa kazi yake, bila kulazimika kukimbilia shahada asiyoihitaji.

Ndugu wasikilizaji, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tanzania nayo imepita njia inayofanana na hiyo. Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1957, kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997. Chuo cha Ufundi cha Mbeya kikawa Chuo Kikuu mwaka 2012. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, yaani VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 ili kumlea fundi mchundo, nayo imefanya kazi kubwa. Swali linalobaki ni lile lile la Kenya: Fundi sanifu wa katikati atalelewa na nani, na ataheshimiwa na nani?

Kwa watu wa majeshi, swali hili si la siasa ya elimu tu. Ni la maisha ya mtu binafsi. Askari wa vyeo vya chini huvua magwanda angali na nguvu zake, na pengine watoto wake wangali shuleni. Wapo wanaotoka jeshini wakiwa wametengeneza malori kwa miaka 15, au wamehudumia redio za mawasiliano, majenereta na mabomba ya maji, huku wakiwa hawana karatasi hata moja inayosema hivyo. Katika Vita Kuu ya Pili, maelfu ya askari wa King's African Rifles na vikosi vingine vya Afrika Mashariki walifunzwa udereva, umakanika na upelekaji wa habari. Walirudi nyumbani na ujuzi huo, lakini wengi walikuta nchi ya kikoloni isiyotaka kuutambua. Ujuzi usioandikwa hufa na mwenyewe.

Siku hizi hakuna sababu ya jambo hilo kurudiwa. Kenya na Tanzania zote zimeweka utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazini, akapewa cheti pasipo kuketi darasani upya. Majeshi ya Kenya yenyewe, katika uandikishaji wake, hutangaza pia nafasi za mafundi wenye vyeti na stashahada. Askari anayefanya kazi katika karakana ya kikosi ana fursa ambayo kijana wa mtaani hana: analipwa huku akijifunza. Akitafuta kupimwa akiwa bado kazini, siku ya kustaafu haitamkuta mikono mitupu. Na kamanda anayempa askari wake ruhusa ya kwenda kufanya jaribio la ufundi hakipotezei kikosi siku mbili za kazi. Amekiongezea kikosi fundi anayejua thamani yake.

Wananchi wa Nyeri, Kisumu na Kakamega walipochanga zaidi ya miaka 50 iliyopita, hawakuwa wakinunua majoho. Walikuwa wakinunua mikono yenye ujuzi kwa ajili ya watoto wao. Baadhi ya vyuo walivyovijenga vimepata majina makubwa, na hilo si aibu. Lakini deni lao litakuwa limelipwa siku ile ambapo wale vijana saba waliosimama nje ya mlango watakuwa na mlango wao wenyewe, ulio wazi, wenye mwalimu ndani na chombo mezani, na ambao hakuna atakayeuingia akiwa ameinamisha kichwa.