Karani wa Posta Aliyeshika Kalamu: Maneno Juu ya Pio Gama Pinto
Yalisemwa Goma mbele ya wafanyakazi wa machimbo na wakaaji wa mji



Jina la Lumumba kila mtu hapa analijua. Jina la Pio Gama Pinto wanalijua wachache. Lakini hawa wawili njia yao ilikuwa moja. Lumumba alikuwa karani wa posta Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Pinto naye alifanya kazi posta, kule Bombay, Uhindi, na huko akaingia katika mgomo wa wafanyakazi. Wote wawili waliondoka kwenye meza ya karani wakaenda kuandika magazeti. Basi msidhani sisi makarani tumezaliwa kuhesabu magunia tu.

Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927. Wazazi wake walitoka Goa, nchi ya Uhindi iliyokuwa chini ya Wareno. Alisomea Uhindi. Kwa kuwa aliwapinga Wareno, walitaka kumkamata, naye akarudi Kenya mwaka 1949. Huko akawa mhariri wa gazeti la Daily Chronicle, akasimama upande wa vyama vya wafanyakazi. Mgoa angeweza kukaa kimya na mshahara wake. Wengi walikaa.

Vita ya Mau Mau ilipoanza, aliwasaidia wapiganaji kwa siri. Juni 1954, miezi mitano tu baada ya arusi yake, Waingereza wakamtia kifungoni bila kumpeleka mbele ya korti. Walimweka kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, kisha Kabarnet, hata mwaka 1959. Fikirini: bibi arusi anabaki peke yake miaka mitano.

Alipofunguliwa hakupumzika. Mwaka 1960 alianzisha Sauti ya KANU, gazeti la chama. Kisha yeye, Oginga Odinga na wengine wakaanzisha kampuni ya Pan African Press. Kampuni hiyo ilitoa Sauti ya Mwafrika kwa Kiswahili, Pan Africa kwa Kiingereza, na Nyanza Times kwa Kijaluo. Hii kazi ya lugha tatu ndiyo ninayoisifu kuliko yote. Siasa iliyoandikwa kwa lugha ya mabwana tu, mchimbaji anasomewa na kapita wake, na kapita husoma anachopenda.

Lakini nina neno. Fedha za kuanzia zilitoka kwa Nehru wa Uhindi. Wapo wanaosema hilo ni jambo dogo. Mimi sikubali: anayenunua karatasi na wino, siku moja atataka kuchagua maneno. Hata hivyo, tuseme haki. Magazeti makubwa ya Nairobi siku zile yalikuwa mikononi mwa wenye mali, na mfanyakazi wa Kenya hakuwa na fedha ya kununua mashine. Pinto angeipata wapi? Kwa hiyo wale wanaouliza kwa nini katika gazeti letu tunaomba kila mtu atoe franka chache, jibu ni hilo.

Mwaka 1964 aliingia Bunge. Mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa waliosimamisha Chuo cha Lumumba huko Nairobi, cha kufundisha watu wa chama. Jina la ndugu yetu, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, likawekwa mlangoni katika nchi ya wengine. Chuo hakikumaliza mwaka 1965, serikali ilikifunga.

Pinto hakuona kufungwa kwake. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi ndani ya motokari, mbele ya nyumba yake, binti yake mdogo akiwa pamoja naye. Alikuwa na miaka 37. Wakoloni walimfunga wakamwachia hai. Aliuawa Kenya ikiwa huru. Mwezi Septemba mke wake, Emma, alikwenda Santiago, nchi ya Chile, kupokea tuzo ya waandishi wa habari kwa niaba ya marehemu.

Kijana mmoja, Kisilu Mutua, alihukumiwa. Siku zote alisema hakuua. Alitoka gerezani mwaka 2001, akiwa mzee. Aliyetoa amri ya kumwua Pinto, hakuna korti iliyomhukumu.