Mashine Ipi Ina Mbio? Kupima Kompyuta kwa Kazi za Kisangani



Ukiingia kwa wauza mashine wa Makiso, hapa Kisangani, ukauliza kati ya hizi mbili ipi ina mbio, utaonyeshwa kibandiko. Hii i7, ile i3, maneno yamekwisha. Lakini kibandiko kinataja ukoo wa prosesa tu, hakitaji umri wake. I7 ya mwaka 2010 huachwa nyuma na i3 iliyozaliwa miaka 10 baadaye. Gigahezi nazo zinahesabu mizunguko kwa sekunde, hazisemi kila mzunguko umebeba kazi kiasi gani. Dereva wa toleka, teksi yetu ya baiskeli, analijua hilo bila kusoma: kuzungusha pedali upesi ni jambo moja, kufika Mangobo ni jingine.

Walioona shida hii mapema walitunga programu za kupimia. Mwaka 1972 Waingereza walitoa Whetstone, iliyopima hesabu za desimali. Mwaka 1984 Reinhold Weicker akaleta Dhrystone, jina la mzaha tu likicheza na lile la kwanza, kwa hesabu za namba nzima. Hapo ndipo ujanja ulipoingia. Majibu ya hesabu nyingi za Dhrystone hayakutumiwa popote, kwa hiyo vikusanyaji vya programu vilivyoerevuka viliziruka hesabu zenyewe, na mashine ikaonekana ina kasi kwa kutofanya kazi. Mwaka 1988 kampuni kadhaa zikaunda muungano wa SPEC, zikakubaliana kupima kwa programu ambazo watu wanazitumia kweli. Mimi nawaheshimu kwa uamuzi huo kuliko kwa namba zozote walizotoa.

Orodha ya TOP500, iliyoanza 1993, inapanga mashine kubwa za dunia kwa kazi moja: kutatua rundo la milinganyo. Mwaka 2022 Frontier ya Marekani ilivuka hesabu bilioni ya bilioni kwa sekunde. Ni habari njema kwa mwenye milinganyo.

Sisi tuna nini? Tuna msitu. Yangambi, kiasi cha kilomita 100 kutoka hapa tukishuka na mto, kuna madaftari ya watu waliofuatilia miti tangu 1937 hadi 1958: lini inachanua, lini inazaa, lini inapukutisha majani. Kuna pia mnara wa mita 55 uliosimamishwa 2020 kupima hewa inayoingia na kutoka msituni. Minara ya aina hiyo husoma hewa mara 10 au 20 kwa sekunde. Chukueni 10 tu: kwa siku ni visomo 864,000 kwa kila kitu kinachopimwa. Picha za madaftari zinataka diski yenye kasi na kumbukumbu pana. Visomo vya mnara vinataka prosesa isiyochoka. Kazi mbili, mashine bora huenda zikawa mbili.

Hapa kuna mtego ambao hata waliosoma hunaswa. Tuseme kazi ya picha mashine A inaimaliza kwa dakika 10, B kwa 20. Kazi ya mnara A inatumia 40, B 20. Tukifanya A ndiyo kipimo, B inachukua mara 2 kwa kazi ya kwanza na nusu kwa ya pili, wastani 1.25, yaani B ni nzito. Sasa tugeuze, B iwe kipimo: A inachukua nusu, kisha mara 2, wastani 1.25, yaani A ndiyo nzito! Kila moja imeshindwa na mwenzake. Kosa si la mashine, ni la kuchukua wastani wa uwiano. Jumlisheni dakika zenyewe, na kila kazi ihesabiwe mara nyingi kama mnavyoifanya kwa wiki.

Halafu joto. Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Jaribio la dakika 3 asubuhi linapima mashine ikiwa bado mbichi. Mimi nataka nusu saa, saa 8 mchana, feni ikiwa na vumbi lake.

Na umeme. Mfano: kompyuta ya kupakata inakula wati 30 na kumaliza kazi kwa dakika 40, ya mezani pamoja na skrini inakula wati 120 na kumaliza kwa dakika 25. Mezani imeshinda mbio. Lakini ya kupakata imetumia wati-saa 20, ya mezani 50. Usiku wa giza, kwa betri ya wati-saa 200, ya kwanza itamaliza kazi 10, ya pili 4. Sijaona duka lenye kibandiko cha hesabu hiyo.

Baada ya chakula tutapima mashine 4 zilizo mezani pale. Kila kundi lije na faili zake, si programu ya kupakua. Rudieni kila kazi mara 5, andikeni nyakati zote na ule wa katikati muuzungushie duara. Mara ya kwanza itakuwa ya polepole kwa sababu faili bado ziko kwenye diski, hazijaingia kwenye kumbukumbu; msiifute. Mwanafunzi anayefungua mashine asubuhi kabla umeme haujaondoka, hiyo mara ya kwanza ndiyo aliyo nayo.