Maji Hayajui Cheo



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu. Nitasema juu ya kosa langu.

Tulikuwa na mtambo wa kupoza maji, wa aina ya majengo makubwa: hutoa maji ya nyuzi 7, nayo hurudi yakiwa nyuzi 12. Mimi nikataka nyuzi 5 chini ya sifuri, tuhifadhi samaki. Fundi wetu, kijana wa darasa la saba, akasema, "Mzee, maji yataganda." Mimi mwenye digrii nikamwamuru ashushe themostati na kuondoa swichi ya kinga. Usiku ule maji yaliganda, yakatanuka, yakapasua mabomba. Maji yakaingia kwenye njia ya gesi, kompresa ikafa.

Kazi hiyo yawezekana, ila kwa utaratibu. Kwanza, maji huchanganywa na propilini glaikoli, inayofaa penye vyakula. Mchanganyiko wa asilimia 40 hustahimili kiasi cha nyuzi 20 chini ya sifuri. Pili, vali ya gesi na swichi za kinga hupangwa upya, haziondolewi. Tatu, baridi ikizidi, nguvu ya mtambo hupungua. Na pampu hutaabika, maana mchanganyiko ni mzito kuliko maji.

Wanafunzi, habari ya maji kuganda na kutanuka nilifundishwa papa hapa shuleni. Niliijua, cheo kiliniziba masikio. Fundi yule nilimwomba radhi, lakini mtambo haukufufuka.