Mwuguzi Hulelewa na Mwuguzi



Nimeombwa niseme machache juu ya wauguzi, na jinsi apatikanavyo mkubwa wa kuwaongoza. Wengi hudhani ya kuwa cheti chatosha. Mimi nasema, cheti humpa mtu ruhusa ya kuanza kazi. Lakini uongozi huupokea kwa aliyemtangulia, kama mwari apokeavyo mafunzo kwa somo wake.

Sikilizeni khabari ya Bibi Linda Richards wa Marekani. Alijifunza uuguzi mjini Boston, akapata cheti mwaka 1873, naye huhesabiwa kuwa mwuguzi wa kwanza aliyefuzu katika nchi ile. Baadaye alieleza kwamba wanafunzi walipewa chupa za dawa zenye namba tu, pasipo majina, ili wasijue wanawanywesha wagonjwa kitu gani. Je, aliyefichwa jina la dawa atamwongoza nani?

Bibi huyu alipata kuwa mkuu wa chuo cha wauguzi, wala hakuona haya kutafuta mwalimu. Mwaka 1877 alivuka bahari mpaka London, akaingia hospitali ya St Thomas', mahali ambapo chuo cha Florence Nightingale kilifunguliwa mwaka 1860. Bibi Nightingale alikuwa dhaifu wa mwili, hata hakufundisha wodini. Lakini aliwaita wauguzi nyumbani kwake, akawaandikia barua, na waliopewa madaraka mbali hakuacha kuwashauri. Bibi Richards naye alikaribishwa, akashauriwa. Kisha akaenda Japani, akafundisha wauguzi katika mji wa Kyoto. Basi mafunzo yale yalipita mkono hata mkono, yakafika mbali.

Ninyi wauguzi mliotangulia, msiwafiche wadogo wenu majina ya chupa. Mweleze mwanafunzi sababu ya kila jambo. Mwache ajaribu mbele ya macho yako. Akikosea mrekebishe faraghani. Kisha mwachie zamu aisimamie mwenyewe.

Nanyi watawala na waalimu, binti wa kijiji chenu aendapo kujifunza uuguzi, ulizeni ni nani atakayemlea baada ya cheti. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini hospitalini, ada ya funzo la ulimwengu huilipa mgonjwa.